Baba alinifundisha kufikiri, sasa hanisikii

Shikamoo Mama,

Nina miaka 38, ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya serikali hapa Dodoma. Safu yako nimeisoma kimyakimya kwa muda mrefu bila kudhani ipo siku nitaandika. Naandika kwa sababu mimi na baba yangu hatujazungumza tangu Agosti, na Januari shule zinafunguliwa.

Baba ana miaka 73. Amefundisha miaka 36, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mkuu wa shule huko kwetu Nyanda za Juu Kusini, akastaafu 2012. Huyu ndiye aliyenifundisha kufikiri. Nikiwa darasa la nne, nikileta habari yoyote nyumbani aliniuliza, "Umejuaje?" Nikijibu kwamba watu wanasema, alinirudisha nje nikatafute jibu lingine. Ualimu wangu wote umetoka kwenye swali hilo moja.

Dada yangu alifariki 2016 akaacha binti, ambaye analelewa na wazazi wetu. Mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, alipata ujauzito akaacha shule. Mtoto wake sasa ana miezi kumi, na mama yangu ndiye anayembeba kitukuu mgongoni kutwa nzima. Kuhusu kijana aliyehusika, suala lake liko mahali pake, sitaki kuliingiza hapa.

Nilidhani kumrudisha shule ni jambo jepesi. Katazo la wasichana waliojifungua kurudi shule liliondolewa Novemba 2021, waraka upo, na mkuu wa shule yake mwenyewe kasema nafasi ipo. Baba amekataa.

Agosti nikasafiri na faili. Nilikuwa na waraka wenyewe, Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021. Nilikuwa na maelezo ya Kenya, walioruhusu wasichana kurudi tangu 1994, na ya Zanzibar walioruhusu tangu 2010. Nilikuwa na kurasa za hesabu nilizozifanya mwenyewe kuonyesha tofauti ya kipato kati ya aliyemaliza kidato cha nne na aliyeishia njiani. Baba akavaa miwani, akasoma yote, kama saa nzima. Ukurasa wa tatu akakuta nimekosea kujumlisha, akachukua kalamu nyekundu akasahihisha. Kisha akanirudishia faili akasema, "Hesabu zako sasa ziko sawa. Na binti harudi."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema wengine wataiga. Nikamjibu. Akasema mtoto atalelewa na nani, mama akadakia kwamba atamlea yeye. Akasema walimu watamdharau. Nikamjibu. Kila hoja niliyoiangusha alileta nyingine. Mwisho akasema, "Nimewaandikia watoto wa watu kumi na mmoja barua za kufukuzwa kwa jambo hilihili. Nimesimama mbele ya baba zao. Leo nimrudishe wangu?" Nikamwambia hilo ni kosa la kimantiki, kwamba kosa la jana haliwi sababu ya kufanya lingine leo. Akainuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Niliporudi Dodoma nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Kuna watu walisoma wapate cheti, si wapate kufikiri." Baba akajitoa kwenye kundi. Shangazi anasema nimemvunjia baba heshima. Sasa ukoo umegawanyika: baba mdogo analeta aya za Biblia, mdogo wangu analeta haki za binadamu, na hakuna aliyemhamisha mwenzake hata hatua moja.

Kinachonichanganya ni kwamba Mzee si mkatili. Mmoja wa wale kumi na mmoja ana genge pale stendi. Mzee hanunui nyanya kwingine, hata za yule mama zikiwa zimelainika, na hangoji chenji. Mama hulalamika kila wiki. Kama huruma anayo, kwa nini akili haitumii?

Je, kuna hoja ambayo sijaitumia? Au nikubali kwamba mtu akifika umri fulani kichwa hujifunga? Nimeamua Desemba nikamchukue binti, hata kwa nguvu ikibidi.

Mwalimu, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na msimamo wangu ili usiutafute kati ya mistari: binti arudi shule. Sikuandikii kama mtu aliyekaa katikati. Lakini swali lako halikuwa hilo. Umeuliza kama ipo hoja ambayo hujaitumia, na jibu langu ni kwamba haipo. Umezimaliza zote, na baba yako kazisoma zote.

Hebu rudi kwenye ile kalamu nyekundu. Mtu aliyefunga kichwa hasahihishi hesabu ya mpinzani wake. Angeiacha ilivyo, kisha akushikie hapohapo: "Hata kujumlisha hujui." Baba yako aliitengeneza hoja yako ikawa imara zaidi, kisha akaikataa ikiwa imesimama vizuri. Mimi nikisoma hapo namwona mwalimu yuleyule wa "Umejuaje?" Kwa hiyo tuache habari ya umri.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonifanya niweke chini kikombe cha chai ni ile ya wale kumi na mmoja. Wewe umeitaja mwishoni, kama kituko cha mzee aliyeishiwa maneno. Naiona ndiyo hoja yake pekee. Zile nyingine, za kuiga na kudharauliwa na nani atalea, aliziokota zilizokuwa karibu kwa sababu ulikuwa umemkalia na faili na lazima ajibu kitu. Ndiyo maana zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine naye hatikisiki. Hakuwa amesimama juu yazo.

Fikiria alikuwa anafanya kazi gani. Kumwondoa msichana mjamzito shuleni hakukuanza na Juni 2017, Rais Magufuli aliposema hadharani kwamba hawatarudi. Ulikuwa utaratibu wa miaka mingi. Kanuni za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, au kwa kuolewa, na shule zikaichukua mimba kuwa kosa hilo. Ziko shule zilizokuwa zikiwapima wasichana mimba kwa lazima, wengine kwa kubonyezwa tu tumbo. Yote hayo yakimalizika, faili linafika mezani kwa mkuu wa shule naye ndiye anayetia sahihi. Baba wa binti anaitwa, anakaa kwenye kiti cha mbao, kofia magotini. Baba yako amefanya hivyo mara kumi na moja na anaikumbuka idadi. Aliyeona ni karatasi tu za ofisi asingeikumbuka.

Sasa anakuuliza: kanuni iliyowabana watoto wa wakulima, ilegee leo ilipofika mlangoni kwa mwalimu? Tukisikia kiongozi anafanya hivyo tunamsema mpaka sauti zinakauka. Baba yako anajikataza kile ambacho sote tunawalaumu wakubwa kwa kukifanya. Unaweza kusema amekosea, na mimi nasema amekosea, kwa sababu gharama anailipisha mtu asiye na deni. Lakini hilo ni suala la haki, na wewe ulimjibu kama mwanafunzi aliyesahau kubadilisha alama ya kujumlisha. Kosa la kimantiki lingekuwepo kama angesema, "Nilikosea jana, kwa hiyo nikosee leo." Hakusema hivyo. Hajasema alikosea. Nadhani hapo ndipo panapouma. Binti akivaa sare Januari, zile barua kumi na moja zinabadilika. Mpaka leo ziliandikwa na sheria. Kuanzia siku hiyo zitakuwa zimeandikwa na mkono wake. Waraka wa 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi, na ni vizuri, lakini aliyekuwa akiwatoa nje haukumwambia afanye nini na kumbukumbu zake.

Umesema yule mama wa genge anaonyesha kwamba baba ana huruma. Mimi sijui kama ni huruma. Mtu asiyengoja chenji kwa mtu mmoja tu katika soko zima, mara nyingi analipa kitu.

Unaniuliza kwa nini akili haitumii. Akili anaitumia, nawe unaitumia, na hilo peke yake halitoshi. Wewe ni mtu wa namba, basi nikupe jambo la namba. Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani, Dan Kahan, na wenzake waliwapa zaidi ya watu 1,100 jedwali dogo la tarakimu walisome. Baadhi waliambiwa tarakimu zile ni za dawa ya kupaka ya vipele. Hapo waliokuwa wazuri wa hesabu walipata jibu sahihi zaidi kuliko wengine, kama ulivyotarajia. Wengine wakapewa tarakimu zilezile wakaambiwa zinahusu marufuku ya kutembea na bastola iliyofichwa, jambo ambalo kule linagawanya vyama. Hapo watu wakayumba kufuata siasa zao, na walioachana mbali zaidi walikuwa wale wazuri wa hesabu. Uwezo wao waliutumia kuchimba mpaka wapate kile walichokitaka. Ukilisikia hili utamfikiria baba mdogo. Jaribu pia kujifikiria wewe: ungepata takwimu inayompendelea Mzee, ungeiweka kwenye faili?

Hata nyumbani kwangu tuliyaona. Machi 2014, wakati wa Bunge Maalumu la Katiba, marehemu mume wangu na mdogo wake walikuwa na kijitabu kilekile cha rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Tume ilisema asilimia 61 ya watu wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu: ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano. Shemeji akasema basi, wananchi wamesema. Mume wangu akamjibu kama Rais Kikwete alivyojibu siku zile, kwamba waliozungumzia muundo walikuwa wachache kati ya wote waliotoa maoni, na waliokaa kimya hawakuona tatizo. Takwimu ni moja, na hakuna aliyedanganya. Walibishana wiki tatu, wakaambiana "soma vizuri" mpaka neno hilo likawa tusi, na Pasaka ile hawakula pamoja. Miaka mingi baadaye mume wangu aliniambia kilichomtia hofu, nacho hakikuwa asilimia. Dada yake aliolewa Pemba, naye aliogopa serikali zikiwa tatu Muungano usije ukavunjika, ikafika siku atahitaji pasi kwenda msibani. Mdogo wake hakuwahi kulisikia hilo. Hakuwahi kuulizwa, naye hakuwahi kulisema, kwa sababu kwenye mabishano ya katiba nani atasimama aseme "nina dada Pemba"?

Usinielewe kwamba hoja ni kazi bure. Kama kurudi kwa wazazi wadogo kunawaharibu wengine, hilo ni la kuangaliwa, na Kenya na Zanzibar wana miaka ya kutosha ya kuangaliwa. Hapo faili lako lilikuwa na kazi. Lakini aliyeadhibiwa jana kwa sheria iliyofutwa leo anadaiwa nini na aliyemwadhibu, hilo huwezi kulijumlisha. Hesabu zako zinasema mambo yalivyo. Zinapofika kwenye inavyopasa kuwa, zinahitaji kitu kingine cha kuvukia, na kitu hicho kila mtu anakitoa kwenye maisha yake mwenyewe. Wala siwapendi wanaofika hapa wakasema basi, kila mtu na mtazamo wake. Binti hawezi kwenda shule nusu siku kwa mtazamo wako na nusu siku kwa mtazamo wa babu yake.

Basi ufanye nini? Kwanza omba radhi, tena palepale kwenye kundi ulipomtukana baba yako kwa mkono wako mwenyewe. Ameshajitoa, hatauona ujumbe, lakini shangazi atamfikishia kabla hujaweka simu chini. Usiandike "kama nimekukwaza." Umemkwaza. Mtu aliyekufundisha kuuliza "Umejuaje?" umemwambia hakusoma ili afikiri, tena mbele ya wadogo zake.

Halafu nenda nyumbani kabla ya Krismasi, bila faili. Zamu hii usibebe swali lake. Beba lingine: "Ilikuwaje?" Mwombe akusimulie habari ya mmoja wao, yeyote atakayemchagua, kisha nyamaza. Usimsaidie kumalizia sentensi. Usimwambie kwamba ndiyo sababu binti arudi. Na tafadhali usiende nalo kama mbinu uliyoipata kwa Mama wa gazetini. Huyu mzee amedanganywa na wanafunzi kwa miaka 36, atakujua ukiwa bado getini. Kama hutaki kweli kujua ilikuwaje, ni afadhali usiulize, mkaangalie ng'ombe pamoja.

Anaweza kusema mengi, anaweza asiseme chochote. Inawezekana akafika mahali akaona kwamba deni la wale kumi na mmoja halilipwi kwa kumfanya mjukuu awe wa kumi na mbili. Inawezekana mkuu wa shule mstaafu anayejulikana wilaya nzima akaona yapo ya kufanya kwa wasichana wa vijijini ambao hata huo waraka hawajausikia. Hayo ayaone mwenyewe. Usimpangie.

Na asipobadilika? Hapo ndipo watu wengi wa hoja hukwama, kwa sababu wanadhani mpaka mwenzako akubali. Si lazima akubali. Mwombe kitu kidogo zaidi, asizuie. Ni maombi mawili tofauti kabisa. Ukimwambia akubali, unamtaka azitamke upya zile barua kumi na moja. Ukimwambia asizuie, anaweza kubaki na msimamo wake, akakaa kimya siku ile binti anatoka na begi, na heshima yake ikabaki nzima. Nyumba nyingi unazozisifia kwa amani zinaishi hivyo. Na atakayemfikishia ombi hilo usiwe wewe. Kwa jinsi ulivyoharibu, mpe shangazi yako. Yeye ni dada yake, anaweza kumwambia "kaka, hapa nyamaza" na asionekane amemshinda.

Habari ya kumchukua kwa nguvu sijaipenda. Nimesoma barua yako mara tatu nikimtafuta binti. Kuna babu, kuna mjomba, kuna baba mdogo, kuna shangazi, hata ng'ombe wapo. Binti mwenyewe hajasema neno. Anataka kurudi shule ileile, akae na waliokuwa nyuma yake? Anataka shule nyingine ambako hawamjui? Au angependa kumalizia kidato cha nne kupitia elimu ya watu wazima, karibu na mtoto? Bado ananyonyesha. Wewe na babu yake mmempigania miezi mingi kama shamba la urithi. Mwulize, peke yake, kabla ya wengine wote, na jibu lake likikuudhi usimletee jedwali. Ulizeni pia shuleni na kwa afisa elimu kata taratibu za kurudi na muda wake, mapema, kwa sababu nafasi ya leo si nafasi ya mwakani.

Tena unaposema utamchukua aje Dodoma, mkeo anajua? Mtoto wa miezi kumi atashinda na nani wewe ukiwa darasani? Mama yako amembeba kitukuu huyu tangu azaliwe. Ukimtoa mgongoni mwake ghafla kwa jina la elimu, utakuwa umewaliza wanawake watatu kwa mkupuo ili uwe umemshinda mwanamume mmoja.

Jambo la mwisho ni la pale stendi. Ukishuka kwenye basi utapita karibu na lile genge, na kwa jinsi ulivyo utashawishika kwenda kumhoji yule mama, umpate awe shahidi wako. Usifanye hivyo. Msalimie, nunua nyanya, ngoja chenji yako, upande bodaboda.